Mwanangu hapiti mwezi bila kuugua, na kila mtu ana jibu lake

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miezi 14, ndiye wa kwanza. Alizaliwa kwa wakati wake, na nusu mwaka wa mwanzo hakunisumbua kwa lolote. Alikuwa analala, ananyonya, anaongezeka uzito, hadi watu wakawa wananitania kwamba huyo si mtoto, ni zawadi. Nikarudi kazini. Alipotimiza miezi 7 akaanza kushinda kwenye kituo cha kulea watoto, na tangu hapo hatujapumua.

Yanaanza mafua. Siku mbili tatu kikohozi, kisha homa, kisha sikio. Usiku analia hadi sauti inakauka, halafu karibu na alfajiri ananyamaza ghafla. Asubuhi namkuta kalalia upande mmoja, foronya imelowa usaha, naye anatabasamu kana kwamba si yeye aliyekuwa analia. Tunapewa dawa, anapata nafuu, anacheza kidogo, tunaanza upya. Katikati ya hayo amelazwa mara mbili kwa nimonia. Mara ya kwanza aliwekewa oksijeni. Mara ya pili haikufikia huko, lakini alichomwa sindano kutwa mara kadhaa hadi mishipa ikawa haionekani.

Kila tukienda tunakutana na daktari mwingine. Anamsikiliza kifua, anamulika sikio, anaandika dawa, anasema watoto ndivyo walivyo, atakua. Mmoja aliniuliza kama hii ndiyo mara yake ya kwanza kuugua. Nilibaki namtazama tu. Kabatini nina chupa za dawa za maji za kila rangi, nyingi zimebaki nusu, na nikiziona naona jinsi tunavyobahatisha.

Nyumbani nako hakuna asiye na jibu. Mume wangu anasema nakuza mambo, hata yeye utotoni alikuwa hivyo na leo ni mzima. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilimwachisha ziwa akiwa na miezi 8. Hasemi kwa ukali, ila hambebi mtoto bila kulisema. Wifi yangu anasema kituo ni kichafu. Mwenzangu kazini ananitumia video za unga wa kuongeza kinga. Mimi mwenyewe usiku nasoma kwenye simu, na nimeshasoma hadi nimejiaminisha kwamba mwanangu ana saratani ya damu.

Mama yangu mzazi peke yake ndiye hasemi kitu. Akija humpakata, humwangalia, halafu huaga mapema. Nadhani anamkumbuka mdogo wangu wa kiume aliyefariki kabla hajafikisha miaka miwili, nami nikiwa bado mdogo. Kwetu jambo hilo halizungumzwi, na sijawahi kuuliza.

Sasa nimeandika barua ya kuacha kazi, sijaipeleka tu. Mume wangu hataki tena tuzunguke hospitali. Anasema kila tukienda mtoto anatobolewa na tunarudi na jina jipya la dawa. Nikitaja daktari bingwa ananiuliza, "Unatafuta tiba au unatafuta ugonjwa?" Neno hilo limeniingia. Sijui kama mimi ni mama mwenye hofu iliyopita kiasi au ni mama asiyesikilizwa. Niendelee kutafuta, au nitulie kama wanavyosema?

Mama Asiyelala

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Kuuguza mtoto asiyeweza kusema panapomuuma kunachosha mwili na akili, na wewe unafanya hivyo huku ukienda kazini na kujitetea kwa ndugu.

Umeniuliza uendelee kutafuta au utulie. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umefunga pamoja mambo matatu: ugonjwa wa mtoto, lawama zinazokuangukia, na kazi yako. Yakikaa pamoja hivyo, kila jibu la moja linakuwa hukumu ya mengine. Tuyafungue.

Nianze na mume wako, kwa sababu ana hoja na nadhani umechoka kiasi cha kutotaka kuisikia. Mtoto mdogo mwenye afya njema hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Anayeshinda na watoto wenzake anaweza kufikisha hata 12. Kila mafua huchukua siku 10 hadi 14, na kikohozi huweza kuburuta hadi wiki ya tatu. Piga hesabu utaona kwamba mtoto asiye na tatizo lolote anaweza kuonekana mgonjwa karibu nusu ya mwaka, na katika miezi ya baridi au mvua asionekane mzima kabisa. Masikio nayo yana sababu yake: mrija unaounganisha sikio na koo kwa mtoto wa umri huu ni mfupi na umelala, hivyo kila mafua yana njia fupi ya kufika sikioni. Madaktari waliokuambia "atakua" hawakukudharau. Mrija huo hurefuka na kuinama mtoto anapokua, na wengi huachana na masikio hivyo hivyo.

Sasa ile nusu mwaka ya raha. Wewe umeiweka kama ushahidi kwamba kituo ndicho kilichoharibu. Huenda. Lakini mtoto anapozaliwa huja na akiba ya kingamwili za mama, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, zilizopita kwenye kondo la nyuma hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Akiba hiyo hupungua siku kwa siku na kufikia miezi 6 imekaribia kwisha, wakati mtoto mwenyewe anajifunza kutengeneza zake. Mwanao aliingia kituoni akiwa na miezi 7. Maana yake mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja, kukutana na vijidudu vipya na kuishiwa kinga ya kurithi, na kwa kuangalia tarehe tu huwezi kujua lipi lina mkono mkubwa zaidi. Kwa mtoto wa kawaida yote mawili hupita. Shika jambo hili, nitalirudia.

Kuhusu ziwa, maziwa ya mama husaidia kumkinga mtoto dhidi ya kuhara, masikio na magonjwa ya kifua, na kadiri anavyonyonya ndivyo inavyosaidia. Mama mkwe wako hajatunga. Lakini kupungua kwa msaada huo ni kitu kimoja, na kuwa chanzo cha nimonia mbili ni kitu kingine. Watoto wengi wameachishwa miezi 8 au kabla, na hawakulazwa. Akilisema tena, unaweza kumjibu kwa heshima kwamba lililopita halirudi, na kwamba ungefurahi akikusaidia kukumbuka mwanawe na ndugu zake waliugua nini utotoni na kwa muda gani. Utakuwa umempa kazi yenye faida. Na ule unga wa kwenye video, uache huko huko kwenye simu.

Ile hofu ya saratani ya damu siwezi kuiondoa kwa barua, naweza tu kukuambia kinachoangaliwa: mtoto kupauka, michubuko au madoa ya damu kwenye ngozi bila kugongwa, tezi zilizovimba na kubaki hivyo, kukataa kusimama au kutembea kwa maumivu ya mifupa, kukonda. Umeandika kwamba akipata nafuu anacheza. Hilo ni jambo jema, na picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ambacho huenda alishapimwa alipolazwa, huwa ndicho kinachotoa dalili ya kwanza. Uliza majibu yake yalikuwaje badala ya kusoma tena usiku.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na mume wako, mwanangu. Mafua 10 kwa mwaka ni kawaida. Nimonia mbili ndani ya mwaka mmoja hazihesabiwi kwenye fungu hilo. Kuna shirika linaitwa Jeffrey Modell Foundation, lililoanzishwa Marekani mwaka 1987 na wazazi waliompoteza mtoto wao kwa upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao. Limesambaza orodha ya dalili 10 za kuwafanya wazazi na madaktari wasimame wafikiri. Ndani yake kuna maambukizi ya sikio mara 4 au zaidi katika mwaka mmoja, nimonia 2 au zaidi katika mwaka mmoja, miezi 2 au zaidi ya antibayotiki bila mafanikio ya maana, mtoto kutoongezeka uzito, majipu ya ndani yanayojirudia, utando mweupe wa kinywani usiokwisha, kuhitaji dawa za mshipani ili apone. Watoto wengi wenye dalili mojawapo hukutwa hawana tatizo la kinga. Orodha hiyo ni ya kuamua nani apimwe, wala haisemi nani mgonjwa. Lakini mtoto uliyemweleza anastahili kupimwa, na hilo si kukuza mambo.

Na kuna la mwisho kwenye orodha hiyo: historia ya tatizo la kinga katika familia. Umeandika sentensi chache tu kuhusu mdogo wako, tena kwa kueleza huzuni ya mama yako. Mimi nimekwama hapo kuliko popote.

Mwaka 1952 daktari wa watoto Mmarekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mtoto wa kiume wa miaka 8 aliyekuwa akiugua maambukizi mazito tena na tena. Alipopimwa damu, sehemu inayobeba kingamwili haikuwemo. Alipoanza kuchomwa kingamwili za watu wengine, hali ikabadilika. Leo tunajua kwamba ugonjwa huo unatokana na hitilafu ya jeni iliyo kwenye kromosomu X, ambayo mwanamke huwa nazo mbili na mwanamume moja tu. Jeni lenyewe lilitambuliwa mwaka 1993. Mwanamke anaweza kuwa na hitilafu hiyo asiumwe hata siku moja, na kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Watoto hao huwa wazima miezi ya mwanzo, kwa ile akiba ya mama niliyoieleza, kisha masikio na nimonia vinaanza. Ndiyo sababu nilikuambia ushike lile jambo: nusu mwaka ya raha inaendana na simulizi ya kituo, na inaendana na simulizi hii pia.

Sisemi mwanao anao. Ni ugonjwa adimu, na watoto hufariki kwa sababu nyingi: malaria, kuhara, surua, moyo. Huenda kifo cha mdogo wako hakihusiani hata kidogo. Ninachosema ni kwamba hakuna daktari aliyesikia habari yake, kwa kuwa hata wewe hukuona kama ni habari ya kitabibu, na daktari akiisikia anaweza kuelekeza vipimo kwingine kabisa. Na ukimya wa mama yako, je, una hakika ni huzuni tu? Inawezekana anaona kitu alichowahi kukiona, akaogopa kukitamka.

Kumuuliza kutakuwa kugumu. Usimuulize mbele za watu wala siku mtoto anapoumwa. Usianze na kifo. Anza na maisha yake. Alikuwa mtoto wa namna gani? Alianza kuugua akiwa na umri gani? Alisumbuliwa na masikio, na kifua? Alitoa jasho akinyonya, au midomo kuwa ya bluu? Halafu umuulize kama kwenye ukoo wake yeye, kwa wajomba na kwa dada zake, kuna watoto wengine wa kiume waliofariki wachanga. Akilia, mwache alie. Akikataa kusema, usimlazimishe. Kujua tu kwamba alikuwepo kaka aliyefariki akiwa mdogo kunatosha kumpa daktari pa kuanzia. Na ikitokea kwamba kuna kitu kimepita kutoka kwake kuja kwako hadi kwa mtoto, hakuna kati yenu aliyekichagua.

Zipo njia nyingine za kuangalia pia, usije ukashika hii moja ukaacha zote. Uliza nimonia zile zilionekana kwenye picha ya kifua, na ni upande gani. Zikiwa mahali pale pale kila mara, daktari atafikiria kitu kilichompalia, au hitilafu ya pafu lenyewe. Kama kifua kilikuwa kinapiga miluzi, huenda ni njia za hewa zinazobana akipata virusi, na hiyo hutibiwa tofauti. Mtoto huangaliwa moyo, seli mundu, VVU, upungufu wa damu. Homa ikija bila mafua wala kikohozi, mkojo upimwe. Na je, kuna mtu anayevuta sigara karibu naye, au hulala na chupa ya maziwa mdomoni? Vyote viwili huchochea masikio.

Halafu zile chupa zilizobaki nusu. Sizitaji kukusuta. Umeziona kama dalili kwamba dawa hazisaidii, lakini daktari akiziona atauliza kwanza kama dozi zilikwisha. Antibayotiki haifanyi chochote kwa mafua ya virusi. Na pale inapohitajika kweli, ikikatishwa mtoto alipopata nafuu, maambukizi yanaweza kurudi, na tukahesabu ugonjwa mmoja kama miwili. Dawa ya unga ikishachanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14 tu, kutegemea dawa, kwa hiyo yaliyomo kabatini hayafai kwa safari ijayo. Kabla hujayatupa, andika majina na tarehe.

Naam, andika. Umeona madaktari wengi, kila mmoja ameona siku moja ya mwanao. Aliyeona zote ni wewe peke yako, na ulipoulizwa kama ni mara ya kwanza ulinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa refu mno kutamkwa. Liwe karatasi moja: tarehe, dalili, homa ilifika ngapi, alipewa nini, alimaliza au hakumaliza, alipona kabisa baada ya siku ngapi. Uambatanishe karatasi za kuruhusiwa hospitali na kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito, maana mstari unaopanda hutuliza na mstari uliolala husema kitu. Ziandike pia siku alizokuwa mzima. Mnaweza kuiandaa wewe na mume wako pamoja, na huenda hapo mkajikuta mnatazama kitu kimoja.

Swali lake la tiba na ugonjwa, nadhani lina woga ndani yake kuliko dharau. Anaona mtoto akitobolewa. Na ana haki, kwa sababu kuzunguka kuna gharama yake: vipimo vinarudiwa, kila mgeni anaanza upya, na ukipima vitu vingi bila mpango utapata namba moja iliyopotoka ikuogopeshe bure. Lakini kutulia nako kuna gharama. Nimonia zinazojirudia zinaweza kuacha kovu kwenye mapafu. Kati ya hizo mbili ipo njia ya tatu, daktari mmoja wa watoto, huyo huyo kila mara, mwenye karatasi yako mkononi. Kwa damu ya mara moja anaweza kuagiza picha kamili na kiwango cha kingamwili, akavisoma kwa viwango vya umri wake, kwa kuwa vya mtu mzima havimfai mtoto. Atamwangalia pia koo, maana kwenye ugonjwa ule wa Bruton mafindofindo, zile tezi za kooni, huwa madogo sana au hayaonekani kabisa. Mwambie mume wako, kama atakubali, kwamba unamwomba safari moja iliyopangwa ili zipungue nyingine. Na chanjo usiisimamishe kwa uamuzi wako. Mweleze tu daktari historia yote kabla ya inayofuata, kwa sababu zipo chanjo chache za vijidudu hai ambazo atapenda kuzifikiria kwanza.

Barua ya kazi naomba ikae. Ukimtoa kituoni ataugua mara chache zaidi kwa sasa, hilo linawezekana, na kama kingamwili zikikutwa chini huenda daktari mwenyewe akakushauri hivyo. Ila kama ni mafua ya kawaida, watoto wanaoanza kukaa na wenzao mapema huugua zaidi mwanzoni na kidogo zaidi wakifika shule. Unaweza kuwa unaahirisha tu. Likizo fupi, zamu zilizopunguzwa, au kituo chenye watoto wachache ni vitu unavyoweza kuvirudisha nyuma. Kazi iliyoachwa si rahisi kuirudia, na naona una uchungu tayari kwa mengi.

Wakati unasubiri miadi, kuna hali zisizosubiri. Akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea hata asiamshike vizuri, mpeleke saa hiyo hiyo. Hapo usingoje kukubaliana na mtu.

Na majibu yakitoka safi? Hilo nalo ni jibu, hata kama halina jina la kumpa mama mkwe. Utakuwa na mtoto anayeugua sana kwa sasa, na daktari anayemjua. Yasipotoka safi, kwa magonjwa mengi ya aina hii kuna matibabu. Wenye upungufu wa kingamwili hupewa kingamwili kwa dripu au chini ya ngozi, kwa ratiba. Kwa vyovyote vile, kwenye miadi hiyo omba pia apimwe uwezo wa kusikia. Baada ya sikio kupona, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio hata miezi 3 bila homa wala maumivu, na mtoto wa miezi 14 ndiyo kwanza anaokota maneno yake.